Dirisha la Direkta

Tarehe tatu Machi, Jumatatu asubuhi, nilimpoteza Mutua, mume wangu, akiwa amesimama jikoni kwetu Kayole akingoja maji ya chai yachemke. Daktari alisema moyo ulisimama, kana kwamba moyo ni gari. Siandiki hapa juu ya ndoa yetu, wala juu ya kwao au kwetu. Hayo yanawatosha walioyaishi. Naandika juu ya mwaka mmoja tu, mwaka wa elfu mbili na mbili, kwa sababu siku ya ibada ya kumuaga alisimama mtu mbele ya watu akausimulia mwaka ule kwa maikrofoni, na hakuna alichosimulia kilichokuwa kweli isipokuwa jina la mtaa. Mimi nilikuwepo mwaka ule. Masomo yangu yaliishia kidato cha pili na cheti cha kupiga chapa, lakini macho yangu yalikuwa mazima, na masikio vilevile.

Mtu huyo nitamwita Direkta Josphat Solomon. Silo jina lake. Nimelibadilisha kwa sababu anapenda kwenda kortini kama wengine wanavyopenda kwenda harusini. Ila nimehakikisha kwamba jina nililompa lina maneno matatu kama lake la kweli, pamoja na hilo la Direkta ambalo hakuzaliwa nalo. Maneno hayo matatu yana kazi yake mbele huko.

Ofisi yake ilikuwa Buruburu, ghorofa ya juu ya jengo la maduka, juu ya bucha. Asubuhi nzima tulisikia msumeno wa nyama ukikata mifupa chini ya miguu yetu, na harufu ya mafuta ikapanda ngazi ikakaa kwenye mapazia. Direkta alikuwa amenunua zulia jekundu. Zulia lilifika katikati ya chumba likaishia hapo, kwenye ukuta wa plaiwudi uliokigawa chumba: upande wa zulia ulikuwa wake, upande wa saruji ulikuwa wetu. Ukutani kwake alitundika vyeti vya semina za siku moja, kila kimoja kwenye fremu ya dhahabu, na kwenye rafu alikuwa na vitabu vinene vya kompyuta ambavyo bado vilivaa nailoni ya dukani. Nilivipangusa vumbi mwaka mzima na sikuona nailoni hiyo ikifunguliwa. Ukuta wa plaiwudi haukufika darini, kwa hiyo kila alichosema kwenye simu kilituangukia sisi. "Hapa niko na timu ya mainjinia," aliwaambia watu. Mutua, kutoka upande wa saruji, alinitazama akanong'ona, "Neke, keti vizuri. Timu imetajwa."

Timu tulikuwa wawili. Mimi, Nekesa, nilikuwa mpokezi, na wakati ambao sikuwa na wa kumpokea, yaani karibu siku nzima, nilikaa kwenye skana nikiingiza picha. Mutua alikuwa kijana mwembamba aliyevaa sweta moja la kijani, na alikuwa hapo kwa majaribio. Neno hilo, majaribio, Direkta alilipenda sana. Kila mtu kwake alikuwa kwenye majaribio, hata mama aliyetuletea chapati na madondo alikuwa kwenye majaribio, mpaka siku alipomwambia Direkta kwamba yeye pia anamjaribu na kufikia sasa haoni kitu. Tulicheka na midomo imejaa. Mchana tulikula pale pale kati ya kompyuta mbili, mimi na chapati zangu, Mutua na muthokoi wake, mahindi yaliyokobolewa, wa tangu jana kwenye mkebe wa siagi, na upande wa pili wa ukuta tulimsikia Direkta akivunja mifupa ya kuku kwa meno huku akimweleza mtu kwenye simu kwamba leo amefunga na kuomba.

Inanibidi nieleze kazi yenyewe, maana siku hizi mtoto wa chekechea anaweka vidole viwili kwenye simu, anavitanua, na picha inakua. Wakati ule intaneti ilipita kwenye waya wa simu ya mezani, ikija kwa kupumua kama mtu mnene anayepanda ngazi. Ukiweka picha kubwa kwenye ukurasa, mteja angezeeka akingoja. Kwa hiyo ukurasa uliwekewa picha ndogo ndogo, kila moja kama stempu ya barua, na mteja akibofya stempu anayoitaka, dirisha jipya linaruka juu ya ukurasa likiwa na picha ile ile imekuzwa. Ndivyo tulivyosema: kukuza. "Umemkuza nyati?" "Nyati bado, nimemkuza twiga tu." Mimi niliskani kila picha mara mbili, ndogo na kubwa, na Mutua akaandika mstari wa maagizo uliofungua dirisha. Mstari huo hakufundishwa na mtu. Aliutoa kwenye kurasa za wengine, kwa sababu ukurasa wowote uliweza kuufunua na kuona maandishi yaliyoko chini yake, kama mtu anayegeuza kitambaa kilichodariziwa aone nyuzi zilivyopita. Yeye alijua kugeuza kitambaa, na hakuwahi kudai kingine.

Mstari huo ulitaka kuambiwa mambo matatu: picha iko wapi, dirisha linaitwaje, na dirisha lina upana na urefu gani. Jina la dirisha halikuwa la kusomwa na mtu. Lilikuwa la kompyuta kujiambia yenyewe, ili isichanganye dirisha moja na lingine. Jikoni kwangu kuna sufuria ninayoiita Mzee. Mgeni akila hawezi kujua, na halimhusu. Mutua aliliita dirisha "kubwa", akaendelea na kazi.

Picha zilikuwa za vinyago. Kulikuwa na kikundi cha wachongaji, Wakamba wengi wao, waliofanya kazi kwenye ua wa mabati kando ya Jogoo Road, wakitaka vitu vyao vionekane na wanunuzi wa mbali. Mwenyekiti wao alikuwa Mzee Nzioka, mtu mfupi mwenye vidole vya makovu, na siku moja alikuja kuona kazi imefika wapi. Mutua alimpa kiti chake akabofya kifaru. Dirisha likaruka, na kifaru akaanza kushuka kutoka juu, kwanza ncha ya pembe, kisha pembe yote, kisha macho. Mzee Nzioka alivua kofia. Kifaru alipofika mabegani, ikaonekana mistari myeupe myembamba katikati ya weusi.

"Hiyo ni nini hapo?"

"Ni njia za brashi, Mzee. Rangi ya viatu."

"Inaonekana hivyo?"

"Ikikuzwa inaonekana."

Kifaru alikuwa wa mjakaranda, mti mweupe, na alipakwa rangi ya viatu ili auzwe kama mpingo. Kila mtu Jogoo Road alilijua hilo. Mzee Nzioka akavaa kofia yake. Kisha akasema, bila aibu yoyote, "Basi usimkuze wote. Mkuze mpaka pale uongo wetu unapoishia." Mutua alicheka mpaka akashika meza. Mimi nilimheshimu mzee yule kuanzia siku hiyo. Alikuwa na uongo, lakini alijua urefu wake na upana wake. Uongo wa Direkta haukuwa na mwisho. Ungeweza kuufungulia dirisha la ukubwa wowote na bado ukamwagika pembeni.

Sasa, jambo lililokuwa moyoni mwa Mutua mwaka ule lilikuwa moja. Direkta alimwahidi kwamba kazi ya wachongaji itakapooneshwa rasmi, atamsimamisha mbele ya watu na kumtangaza kuwa fundi wa kampuni. Majaribio yataisha. Mutua alilitaka neno hilo la fundi kuliko mshahara, na sababu yake ilikuwa mama yake. Mama huyo, ambaye mpaka leo namwita Mwaitu kama Wakamba wanavyoita mama, alikuwa na swali moja kila Mutua alipoenda nyumbani. "Hiyo kazi yako, jioni unaiweka wapi?" Mchongaji jioni anaweka kinyago rafuni. Dereva anaegesha gari. Mwanawe alikuwa akirudi na mikono mitupu, akisema leo amekuza picha. Mwaitu hakuwa akimdharau. Alitaka tu kuelewa, na Mutua hakuwa na cha kumwonyesha. Kwa hiyo tarehe ya maonyesho ilipopangwa alimtumia ujumbe aje Nairobi. Aliniambia, "Neke, nataka akiona nyati akishuka, asikie na jina langu hapo hapo. Basi. Baada ya hapo aulize chochote."

Ilikuwa wiki moja kabla ya maonyesho Direkta alipovuka kutoka kwenye zulia akaja upande wa saruji, paja la kuku mkononi, akasimama nyuma ya Mutua akijifanya anasoma. Jicho lake likaangukia mahali pa alama za kufunga na kufungua usemi, kwa sababu ndani yake kulikuwa na neno la Kiswahili.

"Kubwa ni nani?"

"Ni jina la dirisha, bosi."

"Dirisha langu linaitwa Kubwa?"

"Ni la ndani tu. Halionekani."

"Weka jina langu. Lote."

"Bosi, hakuna mtu atakayeliona. Ni la kompyuta."

"Basi kompyuta nayo ijue," akasema Direkta, akarudi kwenye zulia lake.

Nimeishi miaka mingi na nimeona watu wakiandika majina yao kwenye visima walivyochimbiwa na wengine, kwenye madawati, kwenye magunia ya mahindi ya msaada. Sijaona mwingine aliyetaka jina lake liandikwe mahali ambapo hakuna jicho la binadamu litakalofika. Mutua aliandika. Chini ya kila picha, mahali pa giza, akaandika Direkta Josphat Solomon, maneno matatu, na nafasi mbili katikati yake. Akajaribu kwenye mashine zetu. Twiga akafunguka, nyati akafunguka. "Haya," akasema, "sasa hata wanyama wana Direkta."

Siku hizo kulikuwa na programu za aina mbili za kufungulia mtandao. Yetu ilikuwa ya zamani, yenye picha ya usukani wa meli. Nyingine ilikuwa ile ya herufi e ya bluu, iliyokuwa ikija na kompyuta mpya. Hatukuwa na mashine mpya, hivyo hatukuwa na ya bluu. Hilo tuliliona kama umaskini wa kawaida, hatukulifikiria kama hatari.

Maonyesho yalifanyika Jumamosi asubuhi kwenye ukumbi wa kanisa huko Donholm. Tulisukuma kompyuta yetu kwa mkokoteni, kioo chake kikiwa kimefunikwa blanketi kama mgonjwa. Wachongaji walikuja na makoti yao ya Jumapili. Mwaitu alikaa mstari wa pili, kitambaa cheupe kichwani, soda mkononi ambayo hakuifungua kwa sababu alitaka kwanza kuona. Mutua alikuwa amepiga pasi sweta. Alikuja pia mama mmoja aliyekuwa akinunua vinyago kwa ajili ya maduka ya ng'ambo, na huyo alibeba kompyuta yake mwenyewe, nyembamba, ya kukunja. Direkta alipoiona ile kompyuta, alitazama yetu iliyokuwa kwenye meza na blanketi lake, akaona haya. "Tutatumia ya mama," akasema. "Hiyo nyingine ni ya mazoezi." Mutua akamsogelea akamwambia polepole, "Bosi, hiyo hatujaijaribu." Direkta akamjibu kwa sauti ya kusikika na ukumbi mzima, "Kijana, teknolojia ni teknolojia."

Akahutubu. Alihutubu mpaka soda zilizokuja baridi zikapata joto. Alieleza jinsi alivyokaa akawaza, akabuni, akajenga. Kisha Mutua akaingiza diski ya kurasa zetu kwenye kompyuta ya yule mama, na Direkta akamwambia achague mnyama. Mama akabofya nyati. Hakuna kilichoruka. Chini kabisa, pembeni mwa kioo, kikatokea kialama kidogo cha njano chenye alama ya mshangao ndani yake. Mama akabofya tena. Akajaribu twiga. "Bofya kwa nguvu," Direkta akasema, na mimi niliyekuwa nimeshika sinia la soda nilimwona mama yule akimtazama Direkta jinsi mtu anavyomtazama mtoto aliyesema jambo mbele ya wageni. Mutua akainama, akajaribu, akafunga, akafungua, jasho likimtoka. Picha zilibaki stempu. Nyuma mchongaji mmoja akasema, "Kumbe hao wanyama ni wa kuchungulia tu," na watu wakacheka. Kicheko chenyewe hakikuwa kibaya. Mzee Nzioka alisema tungoje, labda mashine imechoka, tuwashe ile ya blanketi.

Lakini Direkta alikuwa amesikia kicheko. Alivuta tai yake, akageukia watu. "Wazee wangu, mnisamehe," akasema. "Huyu kijana aliletwa tu ofisini kwangu. Mimi simfahamu vizuri. Kazi niliifanya sawa, yeye ameiharibu. Adabu ya kazi mtu hafundishwi ukubwani. Mkitaka kujua kwa nini yuko hivi, msiniulize mimi. Waulizeni waliomkuza."

Hayo ndiyo maneno yake. Sikuongeza neno wala kupunguza. Mutua hakumtazama Direkta, alitazama mstari wa pili. Mwaitu aliiweka soda sakafuni, bado imefungwa, akaishika mikono yake mapajani akamkazia macho Direkta, akingoja. Alingoja kwa adabu kabisa. Direkta akawa ameshaanza kumweleza yule mama wa vinyago habari nyingine. Hakuna aliyemsikia akisema neno fundi siku hiyo.

Niliwafuata nje nikiwa bado na sinia. Walikuwa wakitembea polepole kuelekea barabara ya Outer Ring, Mutua akijaribu kueleza, na Mwaitu akamkatiza. "Yule bwana alisema tuulizwe sisi tuliokukuza. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale. Mbona hakuniuliza?" Mutua alichukua sinia kutoka mikononi mwangu kana kwamba ndilo lililokuwa likinilemea, akaliweka juu ya ukuta wa kanisa, na hapo ndipo nilipoanza kumpenda, kama inamhusu mtu.

Siku chache baadaye tulikaa kwenye saiba moja ya Kayole, chumba chembamba kilichokuwa kinyozi upande mmoja na kompyuta upande mwingine, nywele zikiruka mpaka kwenye kibodi. Kompyuta zao zilikuwa na ile e ya bluu. Mutua alifungua kurasa zake, akabofya nyati, na kialama cha njano kikatokea tena. Akaanza kuondoa kitu kimoja kimoja kwenye ule mstari. Akaondoa upana, akaurudisha. Akaondoa urefu. Hasira ilimfanya aguse hata asichokuwa na sababu ya kukigusa, na katika kugusa huko akaziondoa nafasi mbili zilizokuwa kwenye jina, maneno matatu yakashikana kuwa moja. Akabofya. Dirisha likaruka. Nyati akaanza kushuka, pembe, paji, macho. Mpaka leo sijui kwa nini programu ile ilichukia nafasi katikati ya jina la dirisha, na Mutua pia hakujua. Ilichukia tu. Neno moja, "kubwa", lingepita kila mahali. Tulikaa tukimtazama nyati yule mkubwa, na kinyozi akauliza, "Buda, mbona mnalia na mnacheka?" Mutua akamwambia, "DirektaJosphatSolomon," kwa pumzi moja, bila kupumzika, na tangu siku hiyo nyumbani kwetu hakuwa na jina lingine. Mtu akijisifu kwenye televisheni, mmoja wetu alisema tu, DirektaJosphatSolomon. Watoto wetu walikua wakidhani ni tusi la Kikamba.

Mutua alirudi Buruburu na diski. Si kwa ajili ya Direkta; picha za akina Mzee Nzioka zilikuwa hazifunguki, na hilo lilimnyima usingizi. Nilikuwa mezani kwangu, nilisikia yote juu ya plaiwudi.

"Umegusa jina langu?"

"Nimeondoa nafasi tu, bosi."

"Limeshikana hivi! Mtu atalisomaje?"

"Hakuna mtu anayelisoma."

Nikasikia gazeti likifunguliwa. Kisha, "Weka hapo mezani." Mutua aliweka. Direkta hakuinua macho kutoka kwenye gazeti. Hakusema asante wala hakusema kesho uje. Mutua aliposhuka ngazi nilisikia msumeno wa bucha ukiendelea, na sikumsikia yeye. Kabla mwaka haujaisha nami niliondoka, nikaenda kuuza vitambaa. Nasikia madirisha yale Direkta aliwauzia watu wengi baadaye, wenye hoteli, wenye magari, wenye viwanja ambavyo havikuwepo, na kila dirisha ndani yake likiwa na jina lake limeshikana. Halafu programu zenyewe zikaanza kuyazuia madirisha yote yanayoruka, kwa sababu kila mwongo duniani alikuwa ameshayatumia. Sikusikitika.

Mutua hakurudi tena kwenye kompyuta. Aliendesha gari la mkate mpaka mwisho, na jioni aliliegesha. Alimweleza Mwaitu mara nyingi kwamba lilikuwa kosa la nafasi. "Nafasi gani?" Mwaitu aliuliza. "Nafasi kati ya jina na jina." "Kubwa?" "Ndogo kama yai la chawa, Mwaitu." Naye akatikisa kichwa. "Kwa hiyo ulinyimwa nafasi kwa sababu ya nafasi," akasema. Aliielewa vizuri kuliko tulivyodhani. Ila swali lake lilikuwa lile lile, na kila baada ya muda lilirudi, wakati wa kupeta mahindi, wakati wa kuosha vyombo: yule bwana mbona hakuniuliza?

Ibada ilifanyika Donholm, kwenye kanisa lile lile, ingawa sasa limejengwa upya na ukumbi wa zamani ni maegesho. Jeneza lilikuwa mbele, na kando yake picha ya Mutua kwenye fremu yenye utepe, akicheka, amevaa koti la kazi la gari la mkate. Baada ya ibada tulikuwa tumsafirishe kwao. Sikujua Direkta angekuja. Aliingia nyimbo zikiwa zimeshaanza, suti ya kijivu, mwili umeongezeka, na mwongozaji wa ratiba, mpwa wa Mutua asiyejua lolote, akaona suti akaipa maikrofoni. Alimtaja kwa majina yake yote na cheo. Kijana wangu mkubwa alinigeukia ghafla, macho wazi. Ndipo alipojua kwamba si tusi la Kikamba.

Direkta alisafisha koo. Alisema huyu marehemu alikuwa jembe. Alisema mwaka wa elfu mbili na mbili, Buruburu, walikaa pamoja wakawaza, wakabuni, wakajenga, na picha za kwanza za nchi hii kufunguka kwenye dirisha zilifunguliwa na wao wawili. Akaweka mkono kifuani. "Alikuja kwangu bila kitu," akasema. "Naomba niseme bila kujivuna: mimi ndiye niliyemkuza."

Watu wa nyuma, wasiojua, wakapiga makofi machache, yale ya adabu. Mwaitu alikuwa kando yangu. Ana miaka mingi sasa na magoti hayamtii, lakini alishika mgongo wa benchi la mbele akasimama. Hakupaza sauti.

"Wewe bwana," akasema. "Ulimkuza kwa titi gani?"

Kicheko kilitoka mahali fulani upande wa akina mama kikazibwa kwa mkono. Direkta akatabasamu, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa kununua.

"Mama ana uchungu, tumwelewe."

"Siku ile, hapa hapa, ulisema waulizwe waliomkuza," Mwaitu akaendelea. "Nilikuwa nimekaa. Nilingoja. Leo nimekuja tena na nimekaa. Haya, uliza."

Direkta alitazama karatasi yake, akatazama mwongozaji wa ratiba. Kutoka upande wa wachongaji, ambao sasa ni wazee wanne tu na vijana wao, mtu akasema, "Uliza, basi." Direkta akafungua mdomo, akaanza kusema juu ya kusameheana. Ndipo akina mama wa kwaya wakasimama bila kuitwa na mtu, wakaanza wimbo. Waliimba kwa nguvu. Midomo ya Direkta iliendelea kucheza kwenye maikrofoni kwa ubeti mzima bila neno lake hata moja kusikika, kisha akakunja karatasi akakaa. Mwaitu naye akakaa. Alifungua chupa ya soda aliyokuwa amepewa, akanywa yote.

Ungedhani mtu kama huyo angeondoka. Nje, gari la kubeba mwili likiwa limefunguliwa mlango wa nyuma na Mwaitu ameshapandishwa kwenye basi, Direkta alinijia kwa mikono miwili. "Mama, pole sana. Tulikuwa na marehemu kama ndugu." Akaniomba tupige picha ya ukumbusho, hapa kando ya fremu. Nilikuwa nimeshika fremu ile ili isianguke, na sikuwa na mahali pa kuiweka. Akasimama baina yangu na gari, akaweka mkono begani mwangu, na dereva wake akatupiga kwa simu. Kisha akaniacha, akamwendea dereva, wakaiinamia simu pamoja, hatua mbili tu kutoka niliposimama.

"Ikuze kidogo," Direkta akasema.

Dereva akaweka vidole viwili kwenye kioo akavitanua. Mutua akatoka kwa upande mmoja, na fremu yake na utepe. Akatanua tena, nami nikatoka. Ukabaki uso wa Direkta peke yake, umejaa kutoka ukingo mpaka ukingo.

"Hapo," akasema. "Iache hapo hapo."